Baba mkwe ana mpira wa mkojo tangu Pasaka: tuutoe tumvalishe pampasi?

Shikamoo mama muuguzi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Baada ya Pasaka tulimchukua baba mkwe kutoka Bahi, amebanwa mkojo tangu jana yake, tumbo limevimba, jasho linamtoka na hawezi hata kukaa. Hospitali wakamwekea mpira, akapata nafuu palepale, mpaka akaanza kutania manesi. Wakasema tezi dume imekua. Tukapewa vidonge vya wiki mbili na tukaambiwa turudi kliniki. Vidonge viliisha. Kliniki tulikwenda mara moja tukakuta siku ya daktari bingwa imepita. Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njia ya Tunduma, basi mambo yakabaki hivyo. Sasa ni Julai na mpira bado upo.

Mama, mimi ni mkamwana. Siwezi kumwosha mzee kule, na yeye hawezi kukubali. Kazi hiyo inafanywa na mwanangu wa kidato cha pili asubuhi kabla ya kwenda shule. Mchana mzee anashinda na mfuko wake mwenyewe. Wageni wakija anauweka kitandani karibu na mto, anaufunika shuka. Maji amepunguza makusudi ili mfuko usijae. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi, unanuka. Tena pembeni mwa mpira panavuja, godoro linalowa.

Shemeji yangu kila mwezi anapeleka mkojo maabara, unachotwa kwenye mfuko. Majibu kila mara UTI. Mzee ameshamaliza dawa awamu tatu. Harufu inapungua siku mbili tatu, halafu inarudi. Jirani aliniambia nitie Dettol kwenye maji ya kumwoshea, tukatia, mzee akalalamika panawaka moto.

Sasa shemeji amechoka. Anasema mpira ndio unaoleta UTI, tuutoe tumvalishe pampasi za watu wazima. Kuna kijana wa duka la dawa amesema anaweza kuja kuutoa nyumbani. Nikubali?

La mwisho si la mzee. Wifi yangu yuko Mpwapwa. Mwezi wa pili alitolewa jiwe la figo, akawekewa mrija kwa ndani, wanauita stenti. Anasema akikojoa kiuno kinamchoma, akibeba ndoo anaona damu. Huku nyumbani tumeshaanza kusema hii ni UTI ya ukoo.

Mkamwana, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na huyo kijana wa duka la dawa, maana mengine yote yanaweza kusubiri mpaka umalize kusoma. Mpigie sasa hivi, mwambie asije.

Chukua karatasi mliyopewa hospitali. Kwa kawaida utakuta wameandika Foley na namba, 16 au 18. Foley ni jina la daktari Mmarekani aliyebuni mpira wa aina hii miaka ya 1930, na namba ni unene wake: igawe kwa 3 upate milimita. Kinachoushikilia usichomoke ni puto dogo lililoko ncha ya ndani, ndani ya kibofu, limejazwa maji kama vijiko viwili vya chai. Anayeutoa lazima anyonye maji hayo kwanza kwa sindano kupitia mdomo wa pembeni. Nimepokea wodini wazee waliovutwa mpira puto likiwa bado limejaa. Njia ya mkojo inachanika, damu inajaa beseni, na kovu linalobaki linaibana njia hiyo kwa miaka iliyobaki.

Sasa tuseme kijana anajua kazi na anautoa vizuri. Bado utakuwa umemrudisha mzee kwenye siku ile ya Pasaka. Pampasi inapokea mkojo uliotoka. Shida ya baba mkwe ni mkojo usiotoka. Tezi imebana shingo ya kibofu, na pampasi haifungui shingo hiyo hata ukinunua ya bei gani.

Kuna mtego hapa ambao umewadanganya watu wazima na akili zao. Kibofu kikijaa kupita kiasi huanza kumwagika kidogokidogo chenyewe. Pampasi inalowa, nyumba nzima inafurahi kuwa mzee anakojoa, kumbe ndani kimebaki karibu chote, na mgandamizo unapanda mpaka kwenye figo. Wiki chache baadaye mtu anavimba miguu, anatapika, anapoteza fahamu, na mnaambiwa figo zimeshindwa. Kwa hiyo kwa mzee wenu, pampasi badala ya mpira, hapana. Pampasi juu ya mpira, kwa ajili ya kile kinachovuja usiku, inakubalika, nami nitairudia.

Shemeji yako lakini ana nusu ya ukweli, usimkatalie yote. Mpira kweli unaleta vijidudu. Kila siku unayokaa nao, bakteria wanapata nafasi nyingine ya kupanda, na ukishakaa mwezi mzima karibu kila mtu mwenye mpira ana bakteria kwenye mkojo. Karibu kila mtu. Wanajishika kwenye kuta za mpira, wanajijengea utando kama ule utelezi unaouona ndani ya pipa la maji lisilosuguliwa. Dawa inaua wanaoelea, walioko chini ya utando wanabaki, na waliobaki ndio wagumu. Hiyo ndiyo harufu inayoisha siku tatu na kurudi.

Ndiyo maana kupima mkojo wa mtu asiye na homa kila mwezi ni kutafuta ugomvi. Utaukuta tu. Tena mkojo wa kwenye mfuko! Huo umekaa saa nyingi kwenye joto, bakteria wameshazaana humo, haukuambii kilichopo kwenye kibofu. Kama daktari anashuku maambukizi ya kweli na mpira umeshazidi wiki mbili, utaratibu ni kubadilisha mpira kwanza, kisha kuchukua mkojo unaotoka kwenye mpira mpya, uoteshwe maabara, ndipo ijulikane dawa ipi inafaa. Hizo awamu tatu alizomeza mzee zimemfundisha mdudu kupigana, basi. Siku akiugua kweli mtahitaji sindano za bei.

Atakuwa anaugua kweli lini? Akipata homa au baridi ya kutetemeka. Akiumwa ubavuni upande wa figo, au chini ya kitovu kwa namna mpya. Akilegea ghafla, akakataa chakula, akaanza kuchanganya majina ya wajukuu. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Harufu peke yake, au mkojo wenye ukungu peke yake, ni sababu ya kumpa maji na kuuliza tarehe ya mpira.

Na tarehe ndiyo ugonjwa wenyewe katika barua yako, mwanangu. Pasaka hadi Julai. Mpira wa kawaida wanaotumia hospitali zetu, ule wa rangi ya kahawia iliyofifia, ni wa kukaa wiki chache, kwa kawaida usizidi nne. Ule wa silikoni, mweupe unaoonyesha ndani, unaweza kufika wiki 12. Wa mzee wenu, wowote uwao, umeshapita au uko ukingoni. Ukikaa kupita muda wake, chumvi za mkojo zinaganda kwenye tundu na juu ya puto kama magadi yanavyoganda ndani ya birika. Tundu linaziba, mkojo unatafuta njia ya pembeni, na godoro linalowa. Kuvuja kwenu nadhani kunatokana na hapo, pamoja na choo kigumu, ambacho hukukitaja lakini kwa mzee asiyekunywa maji sina haja ya kuuliza. Kinyesi kilichokaa kinaubana mpira kwa ndani. Wakati mwingine ni kibofu chenyewe kinachokaza kwa kuchokozwa na puto, na hilo lina vidonge vyake. Mtu asiwaambie dawa ya kuvuja ni mpira mnene zaidi. Mnene unachokoza zaidi.

Sasa mfuko. Hapa nina neno, maana nimeona jambo hili mpaka ndotoni. Mfuko lazima ukae chini ya usawa wa kibofu, wakati wote, na usiguse sakafu. Mzee akiuweka karibu na mto, mkojo uliokwisha kutoka, uliokaa na kuoza, unarudi ndani. Mingi ina kizuizi cha kurudisha, lakini mimi sikiamini kizuizi cha plastiki kumlindia mtu figo. Akilala, uning'inize ubavuni mwa kitanda kwa kamba, au uuweke ndani ya beseni safi sakafuni. Akipanda bajaji asiupakate mapajani, aushike chini ya goti. Na msisubiri ujae: mfuko ule mkubwa unabeba lita 2, yaani kilo 2 zinazoning'inia kwenye sehemu laini kuliko zote mwilini. Mwageni ukifika nusu.

Kwa kuvutwa huko, mwangalieni, au tuseme mwanao amwangalie, mahali mpira unapoingilia. Kama pamepasuka kidogo upande wa chini au pana kidonda, ni mvuto. Mpira ubandikwe plasta juu ya paja, ukiachwa ulegee kidogo ili akinyoosha mguu usikaze, na kila siku uhamishiwe paja la pili. Plasta ya bei ndogo inaondoa nusu ya manung'uniko ya wazee wenye mpira. Sijui kwa nini hatuwaambii watu hilo siku ya kwanza.

Dettol mmwage, au deki choo. Spiriti pia hapana, poda hapana. Sehemu ile inataka maji na sabuni ya kipande ya kawaida, mara moja au mbili kwa siku, na akitoka chooni. Unaanza pale mpira unapoingilia, unapangusa kuelekea chini, kutoka mwilini kwenda nje, usirudishe kitambaa juu. Kwa mwanaume asiyetahiriwa, govi likivutwa nyuma lirudishwe mbele mara moja, likisahaulika nyuma linavimba na kunyonga. Mwanao anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Kabla! Watoto wanakumbuka baada kwa sababu ya kinyaa, lakini kabla ndiko kunakomlinda babu. Wakati wa kumwaga, koki ya mfuko isiguse ndoo, na ndoo hiyo iwe ya kazi hiyo tu. Pale mpira unapoungana na mfuko pasifunguliwe ovyo, hapo ndipo mlango wa vijidudu. Pafunguliwe siku ya kubadilisha mfuko tu, kama mara moja kwa wiki.

Maji ni kesi ngumu. Kwa vumbi na upepo wa Dodoma mwezi huu mtu haoni jasho, anadhani hahitaji maji, kumbe anakauka. Akinywa kidogo mkojo unakuwa mzito na chumvi inaganda haraka zaidi. Alenge lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, uji na chai zikihesabiwa, isipokuwa kama daktari amemwekea kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Usimwambie "baba kunywa maji." Mzee anapunguza maji kwa sababu ya aibu ya mfuko, siyo kwa ubishi. Muulize famasi mfuko mdogo wa kufunga mguuni, unakaa chini ya suruali au kanzu, anakwenda nao kanisani au msikitini bila mtu kujua. Usiku unarudi ule mkubwa. Akishaacha kuuonea haya, atakunywa. Kwa choo, mpe mlenda wake, si ndio amekulia, na papai.

Mfuko usipopata kitu kwa saa mbili tatu wakati anakunywa, angalieni kwanza kama hajaukalia mpira au haujajikunja. Kama haujajikunja na tumbo linaanza kumuuma, hiyo ni dharura. Msiupulize, msiupige maji wenyewe. Na nikuambie moja ili isije ikawatia hofu: siku nyingine mfuko unaweza kugeuka rangi ya zambarau, zambarau kabisa. Nimeona familia ikitaka kumhamishia mgonjwa kwa mganga. Ni bakteria fulani wanaochezea mabaki ya chakula yanayopita kwenye mkojo, huwapata zaidi wenye mpira wa muda mrefu na choo kigumu. Mueleze daktari, badilisheni mpira na mfuko, na rudini kwenye papai.

Pampasi sasa. Akivaa kwa ajili ya kuvuja, achague nyembamba, abadilishwe inapolowa, hata kama saa haijafika. Ngozi iliyokaa kwenye mkojo inalainika, inachubuka, kisha fangasi wanaingia, na kidonda cha hapo kwa mzee anayelala sana hakiponi upesi. Osha, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando au krimu ya zinki, nyembamba tu. Ukipaka nene pampasi hainyonyi. Msimvalishe mbili kwa pamoja kwa ajili ya kubana matumizi, joto la humo ndani linaoza ngozi. Mchana akikaa nyumbani apumzike bila pampasi, alalie kitambaa cha pamba juu ya mpira wa godoro. Wasomaji wangu wanaouguza mama waliopooza, haya ni yenu pia, na ongezeni moja: mwanamke hupanguswa kutoka mbele kwenda nyuma.

Lakini haya yote ni ya kusukuma siku. Mzee anahitaji kliniki ya mfumo wa mkojo, na anahitaji wiki hii. Hapa mjini wapo madaktari bingwa, Hospitali ya Benjamin Mkapa mojawapo. Kwanza piga simu ujue siku ya kliniki, msirudie ya mara ile. Akifika, ulizeni mambo matatu na myaandike: mpira huu ni wa aina gani na unabadilishwa tarehe ngapi, je, arudishiwe vidonge vya kulegeza shingo ya kibofu kisha mpira utolewe palepale hospitali aangaliwe kama anakojoa, na ikishindikana, upasuaji lini. Wengi wa umri wake hufanyiwa kwa kupitia njia ya mkojo bila kupasuliwa tumbo. Kama hafai upasuaji, ipo njia ya kupitisha mpira chini ya kitovu, ambao wengi huuona mwepesi kukaa nao. Watataka pia damu ya PSA, kipimo cha kuangalia saratani ya tezi dume. Mpira wenyewe na maambukizi hupandisha kipimo hicho, kwa hiyo likija jibu kubwa msianze kulia kabla daktari hajasema lirudiwe lini. Kama ana miaka 60 na zaidi na hana uwezo, ulizeni msamaha wa wazee kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, nendeni na barua ya serikali ya mtaa mkononi.

Na wewe na haya zako. Uko sahihi, usijilazimishe. Heshima ya mkwe na mkamwana si ushamba. Ila mtoto wa kidato cha pili hawezi kuwa muuguzi peke yake mwaka mzima. Shemeji mwenye nguvu ya kupeleka mkojo maabara kila mwezi ana nguvu ya kuja jioni kumwosha baba yake. Mwonyeshe barua hii. Mume naye akishuka Tunduma, kabla ya kulala, akae na baba yake dakika kumi, aone mpira ulivyo. Wewe chukua maji, chakula, simu za kliniki na kalenda ya ukutani, zungushia tarehe ya mpira kalamu nyekundu.

Wifi yako ndiye anayeninyima usingizi kuliko mzee. Stenti ni mrija mwembamba uliojikunja ncha zote mbili, moja imelala kwenye figo na nyingine kwenye kibofu, unazuia njia isizibe baada ya jiwe. Kuchoma kiunoni wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, na damu kidogo baada ya kubeba ndoo ni tabia ya stenti. Mkojo unapanda kidogo kuelekea figo anapokojoa, ndiyo ule mchomo. Hiyo si UTI ya ukoo. Dawa ya maumivu aliyoelekezwa na daktari, maji, na kuacha ndoo kwa muda vitampunguzia. Homa ikija, au damu ya mabonge, hospitali.

Lakini mwezi wa pili hadi Julai ni miezi mitano. Stenti huwekwa ili itolewe, mara nyingi ndani ya wiki chache, na zilizo nyingi hazitakiwi kuvuka miezi mitatu hadi sita. Ikisahaulika inaota mawe juu yake, na kilichokuwa cha kutolewa kwa dakika chache kupitia njia ya mkojo kinakuwa operesheni. Wengi wanasahau kwa sababu haionekani, na maumivu ya jiwe yameisha. Mpigie leo jioni akitoka shambani. Atafute ile karatasi ya kuruhusiwa hata kama iko chini ya kigoda, na kama imepotea aende tu: eksirei ya kawaida ya tumbo itaionyesha.